Lango la Makamu wa Mfalme

Mgeni afikaye Goa ya Kale kwa njia ya mto Mandovi, akishuka katika kivuko kitokacho kisiwa cha Divar, hauoni mji. Huona barabara ipandayo polepole, na mbele yake lango moja la mawe lililosimama pasipo ukuta wa mji kuume wala kushoto. Hilo ndilo Arco dos Vice-Reis, yaani Lango la Makamu wa Mfalme. Zamani kila Makamu mpya aliyewasili kutoka Lisbon alipita chini ya tao hili kwa fahari, akakabidhiwa funguo za mji, ndipo akahesabiwa kuwa mtawala wa milki yote ya Wareno ya Mashariki, tangu Sofala hadi Macau. Mombasa ilikuwamo.

Aliyelijenga ni Francisco da Gama, Makamu wa Mfalme tangu 1597 hadi 1600, naye alikuwa kitukuu cha Vasco da Gama. Kusudi lake lilikuwa kuadhimisha miaka 100 tangu babu yake kuipata njia ya Bara Hindi. Njia hiyo, kama watu wa pwani wajuavyo, Vasco hakuipata peke yake. Mwaka 1498 alipewa rubani Malindi. Rubani hakuchongewa sanamu. Vasco yumo katika kishubaka juu ya tao, akiutazama mto. Yasimuliwa kwamba Wareno wenyewe walichukizwa na majivuno ya ukoo huu, na Francisco alipokwisha kuondoka maadui zake wakaiangusha sanamu ile, baadaye ikarudishwa. Upande wa mjini iko sanamu nyingine, ya mwanamke wa Kizungu mwenye upanga, kamkanyaga mtu wa Mashariki aliyelala chini. Haihitaji mfasiri.

Anayetoka Mombasa hawi mgeni kabisa mahali hapa. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa 1593, ilichorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno huko Goa. Na lango hili huhesabiwa kuwa kazi ya Júlio Simão, aliyeshika cheo hicho baada yake. Ngome ile na lango hili, basi, zilitoka katika ofisi moja.

Tena kuna habari ya Yusuf bin Hasan. Mwaka 1614 baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aliyegombana na kapteni wa Wareno, aliuawa kwa hila, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, mtoto mdogo bado, akapelekwa huko huko. Watawa wa Mtakatifu Agostino wakamlea na kumfundisha, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Katika miaka hiyo Francisco da Gama alikuwa amerudi Goa kutawala mara ya pili, 1622 hadi 1628. Kijana alipokomaa alirudishwa Mombasa awe mfalme, Mkristo na mtiifu, kama walivyotumaini waliomlea. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu. Merikebu za vita zilizotumwa kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 zilishindwa kuitwaa ngome; lakini Yusuf naye hakukaa, aliondoka mwaka huo huo, wala hakutawala Mombasa tena.

Wengine kutoka Afrika hawakuwa wana wa masultani. Kutoka langoni ilianzia Rua Direita, barabara kuu ya maduka na mnada. Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyeishi Goa katika muongo wa 1580, kabla lango hili halijajengwa, aliwaona watumwa wakinadiwa humo pamoja na farasi na vitambaa, na katika watumwa hao walikuwamo walioletwa kutoka Msumbiji. Majina yao hayamo katika jiwe lo lote la mji ule.

Mji wenyewe uliuawa na homa na kipindupindu. Watawala walihamia Panjim mwaka 1759, na mwaka 1843 Panjim ikafanywa rasmi kuwa makao makuu. Nyumba za Goa ya Kale zikabomolewa, mawe yake yakachukuliwa. Makanisa yalibaki, na tangu 1986 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lango nalo lilichakaa, likajengwa upya mwaka 1954. Wareno walikuwa wamebakiwa na miaka saba tu: Desemba 1961 jeshi la Uhindi liliingia Goa. Hivyo tao alionalo mgeni leo ni kuukuu kwa umbo, bali ujenzi wake ni wa juzi.

Vasco aliachwa katika kishubaka chake. Mgeni akipita chini yake na kuendelea kupanda hadi Monte Santo, atauona mnara mwekundu uliopasuka, mabaki ya kanisa la watawa wa Agostino. Kanisa hilo lilianguka mwaka 1842. Hapo ndipo walipokuwa na makao yao watawa waliomlea mtoto wa Mombasa.