Meza Dirishani, Benchi Barazani: Ofisi za Butembo Zilivyojipanga

Katika ofisi za zamani za utawala kwenye milima ya Lubero inayozunguka mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, Kipese ikiwemo, meza ya karani haikuwekwa popote tu. Ilisogezwa dirishani, upande wa kushoto wa mwandishi ukielekea nje, ili mkono wa kulia usitie kivuli kwenye daftari. Asubuhi ukungu ulipofunika mabonde, karani alisubiri kidogo kabla ya kuandika majina ya walipa kodi au vyeti vya kuzaliwa. Tuko jirani na ikweta, kwa hiyo mchana una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na kazi ya ofisi ilifuata saa hizo. Jua likizama, daftari lilifungwa.

Mpango huo waliuacha Wabelgiji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs iliweka kambi yake Butembo, na mapadre Waasumpsionisti waliingia eneo la Beni mwaka 1929. Kampuni, misheni na serikali walijenga kwa namna inayofanana: matofali ya kuchoma, paa la manjanja, baraza pana mbele. Ndani kulikuwa na chumba cha bwana mkubwa na kingine cha karani na mashini yake ya kuandikia. Mwananchi mwenye shida hakuwa na kiti humo ndani. Aliketi barazani, kwenye benchi kama lipo, au akachuchumaa ukutani hadi aitwe. Ukitaka kujua utawala ule ulimwonaje raia, acha hotuba, tazama viti vilikaa upande gani.

Ajabu ni kwamba huko Buffalo, Marekani, Frank Lloyd Wright alikuwa amekwisha kumaliza jengo la Larkin mwaka 1906, makarani wakikaa pamoja katika ukumbi mmoja mrefu unaopokea mwanga kutoka juu. Kongo ya Wabelgiji iliendelea na kuta na milango.

Kuta hizo zilikuja kuvunjwa na wafanyabiashara. Baada ya uhuru wa 1960, Wanande, wenyeji wa milima hii, waliokuwa wakipeleka maharage, mboga na kahawa masokoni walianza kununua magari na kufungua maduka. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliwafuatilia kwa makini katika tasnifu yake ya 1982 kuhusu wafanyabiashara wa Butembo kati ya 1960 na 1980. Rais Mobutu alipotangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni tarehe 30 Novemba 1973, sehemu kubwa ya nchi iliona maduka yakifilisika mikononi mwa wakubwa wa siasa. Butembo iliendelea kuuza.

Ofisi ya tajiri wa wakati ule ilikuwa depo yenyewe. Meza ndogo ya mbao, nyuma yake ukuta, mbele yake mlango. Kushoto mizani, kulia magunia au mabunda ya vitenge hadi darini. Chini ya meza, kasha la chuma. Kutoka hapo mzee aliona anayepima, anayebeba na anayeingia, na mpwa wake akiandika deni kwenye kijitabu alisikia kila bei inayotajwa. Huko Ulaya, ndugu wawili Wajerumani, akina Schnelle, mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuwa wakiyashawishi makampuni yaondoe kuta ili habari zipite kwa urahisi kati ya wafanyakazi. Kisha mwaka 1968 Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller akaleta vizuizi vya kuhamishika, ambavyo waajiri walivigeuza vijichumba vya kubana watu, jambo lililomuudhi yeye mwenyewe. Sidhani kama kuna mzee wa Butembo aliyewahi kuwasikia. Alichokuwa nacho ni ukoo, na ukoo hauwekewi vizuizi.

Ilipofika miaka ya 1990 na 2000, safari za Dubai na baadaye Guangzhou zilileta sura nyingine: ghorofa, vigae, milango ya alumini, viti vya kuzunguka na vioo vya rangi ya buluu. Mimi vioo hivyo sivipendi. Butembo iko juu ya mita 1,700, hewa yake ni baridi na safi, halafu tunajifungia nyuma ya kioo kisichofunguka na kununua feni. Mick Pearce alionyesha mjini Harare mwaka 1996, kwa jengo la Eastgate, kwamba hata ofisi kubwa inaweza kupozwa kwa hewa ya kawaida ikipitishwa vizuri. Tena malori ya mbao za libuyu na mvule kutoka Ituri yanapita mbele ya macho yetu kwenda Kasindi, Uganda na Kenya, nasi tunakaa kwenye meza za maganda ya mbao zilizogundishwa, zinazovimba paa likivuja mara moja.

Umeme nao umekuja kwa kuchelewa. Mtandao wa SNEL, shirika la umeme la taifa, haukufika Butembo. Watu waliishi kwa grupu na paneli za jua, na kompyuta ilikaa pale waya ulipofika. Siku hizi kuna kampuni binafsi za umeme, na mtambo wa Luviro katika teritwari ya Lubero una uwezo wa karibu megawati 14. Meza zimeanza kuondoka dirishani.

Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, ilibadili mlango. Ndoo yenye bomba na maji ya klorini ilitangulia kila kitu, akifuata mtu mwenye kipima joto, na viti vikaachanishwa. Ndani ya ofisi nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufikiria nafasi ya mgeni.

Goma, mji mkuu wa mkoa wetu, ulipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, makao ya muda ya mkoa yalihamia Beni, na mji huo ukalazimika kubeba ofisi ambazo haukujengewa. Kwa wanaozipanga sasa, na kwa mtoto wa tajiri anayechora ghorofa yake Butembo: anzeni na benchi la anayengoja, liwe ndani, penye mwanga. Dirisha lifunguke. Kazi ya meza mpeni fundi seremala wa mtaani kwenu.