Kutoka BIOS hadi UEFI: Historia ya Skrini ya Kwanza ya Kompyuta

Kompyuta inapowashwa, kabla mfumo wa uendeshaji haujapakiwa kutoka diskini, kuna programu nyingine ambayo imekwisha kufanya kazi yake. Programu hiyo haikai diskini, bali katika chipu iliyopachikwa kwenye ubao mkuu wa mashine. Ndiyo inayoamsha kumbukumbu, kibodi na skrini, na ndiyo inayoamua nani akabidhiwe mashine baada yake. Mtumiaji huiona kwa sekunde chache, kisha huisahau. Katika makala hii twanuia kuonyesha kuwa sekunde hizo zina historia, na kwamba historia hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya kupungua kwa yale ambayo mashine ilikuwa radhi kumwambia mwenyewe. (Tunatumia neno kompyuta, ingawa wanaopendelea tarakilishi hawakosi hoja, hapa kwetu Kongo, ambako wengi hufuata jina la Kifaransa, mjadala huo una upande wa tatu.)

IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981. Ndani yake mlikuwa na kilobaiti 40 za kumbukumbu isiyofutika: 32 za lugha ya BASIC, na 8 tu za programu iliyoitwa BIOS, jina lililobuniwa na Gary Kildall kwa mfumo wake wa CP/M katika miaka ya 1970. Kichakataji cha Intel 8088 kilikuwa na mazoea mamoja: kikipata umeme, kilisoma amri yake ya kwanza baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti ya kwanza, na hapo kilikuta agizo la kurukia BIOS. BIOS ilijikagua, ikapiga mlio mmoja mfupi kama mambo ni salama, kisha ikatafuta disketi. Isipoipata, ilifungua BASIC.

Skrini ya maandishi ilikuwa na mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, na herufi zake zilitoka katika jedwali la alama 256 ambalo baadaye lilijulikana kwa namba 437. Kwa mwanaisimu, jedwali hilo ni hati ya kihistoria. Kiswahili, kwa kuwa hati yake ya Kilatini haihitaji alama za ziada, kingeandikwa humo bila upungufu wowote. Kifaransa kilipata É lakini hakikupata È wala œ. Lingala ya wanaisimu ingeazima ε ya Kigiriki, iliyowekwa pale kwa ajili ya hisabati, lakini ɔ haikuwamo kabisa. Basi kilichokiweka Kiswahili nje ya skrini ile si uhaba wa herufi. BIOS ya IBM ilisema Kiingereza, na kibodi nayo ilisoma Kiingereza: mtu mwenye kibodi ya Kifaransa aliyebonyeza A alihesabiwa kuwa amebonyeza Q, mpaka programu ya kurekebisha mpangilio ipakiwe baadaye pamoja na mfumo. Hata miongo kadhaa baadaye, aliyeingia katika menyu ya mipangilio kwa kibodi ya namna hiyo mara nyingi alikutana na tatizo lile lile.

IBM ilichapisha maagizo yote ya BIOS yake katika kitabu cha ufundi. Uwazi huo haukuwa zawadi, kwani maandishi yalilindwa na haki ya kunakili. Washindani walipita njia nyingine: kundi moja lilisoma na kueleza BIOS inafanya nini, kundi la pili, lisiloona maagizo yale, likaandika upya kutokana na maelezo tu. Compaq ilitangaza mashine yake ya namna hiyo mwaka 1982, na kuanzia 1984 kampuni ya Phoenix iliwauzia BIOS watengenezaji wengine. Zikafuata AMI na Award.

Hapo ndipo skrini ya kwanza ilipofikia utajiri wake. Juu palisomeka jina la mtunzi wa BIOS. Chini yake aina ya kichakataji, hesabu ya kumbukumbu iliyopanda mbele ya macho, majina ya diski zilizoonekana. Na mwishoni kabisa, katika BIOS nyingi, mfuatano wa tarakimu na herufi ambao kwa mjuzi ulitaja ubao wenyewe. Haikuwa nzuri kutazama. Lakini fundi aliyeona hesabu ikikwama katikati, au diski ikikosekana katika orodha, alijua pa kuanzia bila kufungua bisibisi moja. Twaweza kuiita ripoti, iliyoandikwa kwa yeyote awezaye kuisoma.

Udhaifu wa BIOS ulikuwa mahali pengine. Ilipochagua diski, ilisoma sehemu yake ya kwanza, yaani baiti 512, ikatazama kama mbili za mwisho ni alama iliyokubaliwa, kisha ikakabidhi mashine. Haikuuliza amri zile zimeandikwa na nani. Virusi vya Brain, vilivyotoka Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, viliingilia mlango huo huo wa disketi. Isitoshe, mpango wa zamani wa kugawa diski ulihesabu kwa biti 32, hivyo kwa vipande vya baiti 512 haukuvuka takriban terabaiti 2.

Badiliko lilitokana na mashine kubwa. Intel, ikiandaa kichakataji cha Itanium pamoja na Hewlett-Packard, iliona kuwa BIOS haingefaa, ikaanzisha kazi iliyozaa EFI. Mwaka 2005 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa umoja wa makampuni, ikaitwa UEFI. Mfumo mpya husoma faili kwa jina lake, huelewa mgawanyo wa diski uitwao GPT, huchora picha, na maandishi yake hutumia Unicode, ambamo ɔ ya Lingala imo. Kwa muda mrefu mashine nyingi zilibeba namna zote mbili za kuanza, ya kale na ya UEFI. Mfumo uliosakinishwa kwa namna moja kwa kawaida haukuamka kwa nyingine, na wengi walidhani diski imekufa ilhali ni chaguo la menyu tu lililobadilishwa. Mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuiacha namna ya kale kufikia 2020.

Dalili ya namna iliyotumika ilikuwa usoni. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine iliyoamka kwa UEFI huonyesha nembo ya mtengenezaji, nayo hubaki mahali pake wakati Windows inapopakiwa. Iliyoamka kwa namna ya kale huonyesha nembo ya Windows. Orodha ya vifaa haimo. Ripoti imegeuka pazia, na nyuma ya pazia kumewekwa mlinzi: Secure Boot, iliyoingia katika kanuni za UEFI mwaka 2011, hukagua saini ya kila programu kabla ya kuikabidhi mashine. Pengo lililoachwa na BIOS liliziba hivyo, na hilo si jambo dogo. Lakini funguo zilizowekwa kiwandani katika kompyuta nyingi ni za Microsoft, na watunzi wa Linux walilazimika kuomba saini yake. Windows 8 iliwataka watengenezaji wamwachie mtumiaji uwezo wa kuuzima ukaguzi huo. Ilipofika Windows 10 mwaka 2015, sharti hilo likawa hiari ya mtengenezaji. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumiwa hupokea basi na funguo ambazo hakuzichagua.

Mwishoni mwa 2023 watafiti wa kampuni ya Binarly walionyesha kasoro walizoziita LogoFAIL. Sehemu za UEFI zilizosoma picha ya nembo hazikuipima ipasavyo. Aliyeweza kubadilisha picha hiyo aliweza kupenyeza amri zake, na katika mashine nyingi zilizohusika Secure Boot haikumzuia, maana nembo haikuhesabiwa kuwa programu. Watengenezaji walitoa masahihisho, na kila mwenye mashine alipaswa kuyaweka katika chipu yake mwenyewe.