Kamera Iliyowekwa Chini



Juzi nilimpigia mama simu ya video Tanga. Simu nimeiegemeza kwenye kikombe, inanitazama kutoka chini. "Mwanangu, pua hiyo umeitoa wapi?" Tukacheka.

Hila hiyo ni ya zamani. Mwaka 1940, Orson Welles na mpigapicha wake Gregg Toland walichimba sakafu ya studio ili kamera ya Citizen Kane ishuke chini, mtu aonekane jitu. Lakini isogeze kamera hiyo hiyo karibu na uso, jitu linageuka kichekesho: matundu ya pua na kidevu cha pili.

Kwetu Afrika picha ya karibu ilizua hoja nyingine. Waingereza walianzisha Colonial Film Unit mwaka 1939. William Sellers, aliyeisimamia kazi yake, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini haelewi hila za kamera, hivyo filamu ziende polepole. Kisa walichopenda kukirudia wakubwa hao ni cha mbu aliyekuzwa kwenye pazia: watazamaji wakasema kwao hakuna mbu mkubwa namna ile. Wakubwa wakaona ni ujinga. Mimi niliyekulia kwenye baraza za Tanga nasikia mzaha.

Hapa Cabramatta tunaijua kamera ya mgeni. Miaka ya 1990 biashara ya heroini iliutia mji wetu doa, na wapiga picha za habari walikuja kutafuta nyuso za kutisha tu. Mwaka 2003 Khoa Do, aliyefika Australia mtoto mkimbizi kutoka Vietnam, alitengeneza The Finished People hapa hapa, na walioigiza ni vijana wa mitaani wenyewe.

Vichekesho vilishika njia yake. Katika Pizza ya Paul Fenech, iliyoonyeshwa SBS kuanzia 2000 hadi 2007, lenzi pana inasukumwa usoni mwa wahamiaji wa magharibi ya Sydney mpaka mashavu yanavimba. Wapo waliochukia. Ila Fenech naye aliigiza humo, na uso wake haukusalimika. Wale wa mbu walicheka wakiwa gizani, na aliyeandika habari zao hakuwa mwenzao.

Nilitaka kuinua simu nionekane vizuri. Mama akakataa: "Iache hapo hapo. Nimeona mashavu, nimejua unakula."