Nani Alibonyeza Mlango Wangu? Historia ya Mwanya Kati ya Magari Mawili

Makala haya nilikusudia yawe matusi matupu. Nilikuwa nimemiliki gari kwa siku kumi na tisa tu (Toyota Fielder, gari la kwanza maishani mwangu, jasho la miaka mitatu ya kuandika programu za watu wengine usiku). Nikaliegesha kwenye jengo moja la maduka hapa Nairobi, nikaingia kununua maziwa na kebo ya USB. Niliporudi, mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na kibonyeo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na juu yake mstari wa rangi nyeupe ambayo si yangu. Jirani alikuwa ameshaenda zake. Hakuna karatasi kwenye wipa, hakuna namba ya simu, hakuna hata "pole". Soja akaninyoshea kidole kibao cha ukutani: magari huegeshwa kwa hasara ya mwenyewe. Fundi wa bodi akaitisha elfu sita. Hasira zangu zikawa za mkizi, na mvuvi ni fundi.

Lakini mimi nimesomea sayansi ya tarakilishi, na kazi hii hukufundisha jambo moja: programu ikianguka mara moja, labda mtumiaji amekosea, ikianguka kila siku mahali palepale, basi fungua msimbo uangalie. Nilipozunguka ghorofa ile nilihesabu magari 40. Yaliyokuwa na kibonyeo cha mlango yalikuwa 31. Je, Nairobi nzima imejaa watu wasio na adabu? (Usijibu haraka.) Kesho yake nikarudi na tepu ya kupimia. Soja alidhani nimetumwa na mwenye jengo, akanisaidia kushika ncha ya pili.

Kutoka mstari hadi mstari: mita 2.4. Kipimo hicho si cha ajabu. Waingereza wametumia nafasi ya mita 2.4 kwa 4.8 kwa miongo mingi, na ukisafiri utaikuta mahali pengi. Ni tarakimu iliyoandikwa ndani ya programu zamani, na hakuna aliyerudi kuibadilisha. Kilichobadilika ni gari. Tuanze mwanzo.

Gari la Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, halikuwa na shida hii kabisa. Lilikuwa jembamba, na pembeni lilikuwa na matopemadi yaliyotokeza na ubao mrefu wa kukanyagia ukipanda. Jirani akikukaribia, hugusa hayo kwanza, si mlango. Tena kwa miaka mingi yale ya wazi yaliyotengenezwa Marekani hayakuwa na mlango wa dereva! Kilichoonekana upande wake kilikuwa umbo la mlango lililochapwa kwenye bati, kwa sura tu. Dereva aliingilia upande wa abiria.

Kisha nafasi ya kuegesha ikageuka kuwa bidhaa. Tarehe 16 Julai 1935, mjini Oklahoma City, iliwekwa mita ya kwanza ya kulipia maegesho, senti 5 kwa saa. Wazo lilikuwa la Carl Magee, mwanahabari na wakili, na waliolitengeneza ni walimu wawili wa uhandisi, Holger Thuesen na Gerald Hale. Mita hudai mstari, maana lazima ijulikane umelipia wapi na wapi hujalipia. Na ukishachora mistari, unaanza kuhesabu. Ukuta wa mita 60 ukigawanywa kwa mita 2.4 unatoa magari 25. Ukiwaonea wateja huruma ukagawanya kwa 2.7, unapata 22. Mwenye jengo anaona magari matatu yasiyolipa. Kwa hiyo tarakimu ile haipanuki hivi hivi.

Mabadiliko makubwa ya umbo yalikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ford ya mwaka wa 1949, iliyozinduliwa Juni 1948, ilikuwa kati ya magari yaliyomeza matopemadi ndani ya bodi. Ubavu ukawa bapa kama kabati, ubao wa kukanyagia ukatoweka, na ukumbi ndani ukapanuka. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini tangu siku hiyo sehemu pana kuliko zote kwenye gari ni mlango. Kile kilichokuwa kimejificha nyuma ya topemadi kikawekwa mbele kama ngao, bila kuwa ngao.

Bado hapakuwa na msiba, kwa sababu nje ya Marekani magari yalikuwa madogo. Mini ya kwanza, 1959, ilikuwa na upana wa mita 1.41. Corolla ya kwanza, 1966, mita 1.485. Sasa fanya hesabu nami: magari mawili yanayofanana yakiegeshwa katikati ya nafasi zao, mwanya kati yao ni mita 2.4 ukitoa upana wa gari moja. Mini mbili huachiana sentimita 99. Corolla mbili za 1966, sentimita 91 na nusu. Hapo unafungua mlango ukiwa umebeba mtoto na tikiti maji.

RAV4 ya mwaka wa 1994 ilikuwa na upana wa mita 1.695. Ile ya 2018 ina mita 1.855. Mazda CX-5 ilikuwa mita 1.84, na Prado ile ya 150 ni mita 1.885, vioo vya pembeni havijahesabiwa. Prado mbili huachiana sentimita 51 na nusu. Na hili si la SUV peke yake. Shirika la Transport & Environment la Ulaya lilipima magari mapya likatangaza Januari 2024 kwamba wastani wa upana ulitoka sentimita 177.8 mwaka 2018 hadi 180.3 katika nusu ya kwanza ya 2023. Sentimita moja kila miaka miwili. Mstari haujasogea.

Kabla hujawalaani watengenezaji, sehemu ya unene huo imeokoa roho za watu. Gari likigongwa ubavuni hakuna boneti ya kupokea pigo. Kuna mlango tu. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha kanuni ya kupima magari kwa kuyagonga ubavuni, ikaanza kutumika hatua kwa hatua kwa magari ya mwaka wa 1994. Volvo 850 ya 1991 iliuzwa kwa sifa ya kinga ya ubavuni. Euro NCAP ilianza kuchapisha matokeo yake 1997. Mlango ukawekewa nguzo ya chuma, sponji, na juu yake mota ya dirisha, spika na mahali pa chupa. Mlango mnene unakula nafasi mara mbili: unapanua gari, halafu ukiufungua unakuachia ufa mwembamba zaidi wa kupenyeza mwili. Tumbo langu ni shahidi.

Wakati huohuo, kinga ndogo ya bei rahisi ikaondolewa. Mnaikumbuka Corolla ya miaka ya 1990, ule mkanda mweusi wa mpira au plastiki katikati ya milango? Mercedes S-Class ya 1979 ilivaa vibao vya plastiki sehemu yote ya chini ya ubavu. Mkanda ule ulikuwa na kazi moja tu, kupigwa badala ya bati. Bati lenyewe la nje lina unene wa takriban milimita 0.7, yaani kidole gumba cha fundi kinaweza kulisukuma. Kisha wabunifu wakaamua kwamba mkanda unaharibu sura, na kwenye magari mengi ukaondoka. Hapa nina hasira ya kweli. Tuliuziwa ubavu safi wa picha za matangazo, gharama ya usafi huo tukaachiwa sisi na mafundi.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Kaiser Darrin ya 1954 ilikuwa na milango inayoteleza kuingia ndani ya topemadi la mbele. Yalitengenezwa 435 tu. DeLorean ya 1981, yenye milango ya kupaa, ilihitaji takriban sentimita 28 tu pembeni ili kufunguka. BMW Z1, 1989 hadi 1991, ilizamisha milango chini, yakatengenezwa 8,000. Kampuni ya Saturn ilianza 1990 kuuza magari yenye milango ya plastiki isiyobonyea kirahisi, nayo ikafungwa 2010. Ford Focus ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa 2011, iliweza kuagizwa na kiplastiki kinachochomoza chenyewe kufunika ukingo wa mlango unapofunguliwa, kisha kinajificha. Citroën C4 Cactus ya 2014 ilivaa mito ya hewa ubavuni. Watu waliicheka kwa sura, na toleo la 2018 likapunguza mito hiyo mpaka chini kabisa. Soko limepewa suluhisho mara nyingi, na mara nyingi limelikataa kwa sababu ya sura.

Mahali pekee ninapoona tatizo lilishikwa kwa makini ni Japani, na hapo sisi tunahusika moja kwa moja, maana magari yetu mengi ni mitumba ya huko. Sheria yao ya 1962 inamtaka mwenye gari aonyeshe kwanza mahali pa kuliegesha. Kundi la magari madogo lina mipaka: urefu mita 4.7, upana 1.7, kimo 2.0. Hadi 1989 kuvuka mipaka hiyo kulimaanisha kodi nzito. Baada ya hapo kodi ikafuata ukubwa wa injini, lakini mazoea na barabara nyembamba zikabaki. Ndiyo maana Axio, Fielder na Vitz ya 2010 zote zina mita 1.695. Watu hudhani ni nasibu. Ni mhandisi aliyesimama milimita 5 kabla ya mstari! Na vile vigari vyao vidogo kabisa, ambavyo tangu 1998 havipaswi kuzidi upana wa mita 1.48, vingi sasa vina milango ya nyuma ya kuteleza. Sienta ya 2003 pia. Kwa kanuni ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, kinachochorwa Japani leo kitaegeshwa karibu nawe kabla ya muongo kuisha.

Na mlango wa kuteleza hatukuuanza juzi. Matatu ya abiria 14 imetubebea huo miaka yote. Tunalalamikia muziki, mwendo na makanga, lakini ubavuni pangu mlango wa matatu haujawahi kunigusa.

Turudi kwenye Fielder. Nilikaa ndani, nikafungua mlango wangu polepole, nikapima. Mlango wa gari hauna uhuru kamili. Ndani ya bawaba kuna kizuizi chenye vituo viwili vitatu, na ukiachia katikati unateleza hadi kituo kinachofuata. Kituo cha kwanza kwangu kinatoa ukingo wa mlango sentimita 54. Angalia sasa. Axio mbili huachiana sentimita 70 na nusu, kwa hiyo mlango unatulia kwenye kituo bila kumgusa mtu. Fielder na Prado, zote zikiwa katikati kabisa, huachiana 61. Prado ikisogea sentimita 10 tu kando, zinabaki 51, na kituo cha kwanza kiko ndani ya gari la jirani. Mlango hauna mahali pa kupumzikia. Mtu anapaswa kuushika kwa mkono kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, akiwa na begi, simu na mtoto anayetaka kuteremka mwenyewe. Kibonyeo changu kiko juu, karibu na kishikio. Gari lililonigonga lilikuwa refu.

Je, hilo linamsamehe? Hapana. Mwanya ulipunguzwa na wengine, lakini aliyeona rangi yake imebaki kwenye gari langu kisha akawasha injini ni yeye. Sheria nayo haimsumbui sana. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa trafiki unakataza kufungua mlango bila kuhakikisha hutahatarisha watumiaji wengine wa barabara, na kanuni za Uingereza za 1986 zinasema karibu vivyo hivyo. Zote zinamfikiria mwendesha baiskeli, si bati. Januari 2022 Waingereza waliongeza kwenye mwongozo wao wa barabara ushauri wa kufungua mlango kwa mkono wa mbali, ili mwili ugeuke na macho yaone nyuma. Nimeijaribu kwenye maegesho. Mkono wa mbali hauna nguvu ya kurusha mlango, na hiyo ni faida ambayo sidhani walikuwa wakiitafuta.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, Jumamosi iliyopita, nikaenda kuegesha ghorofa ya juu kabisa, kwenye upepo. Mkono wa mbali niliusahau. Upepo ukaunyakua mlango, nikasikia ko! kwenye Vitz ya kijivu. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Kamera haikuwepo. Nakiri nilikaa ndani ya gari dakika nne nzima, na mambo niliyoyawaza si ya kuandikwa hapa. Kisha nikaandika namba yangu nyuma ya risiti, nikaibana kwenye wipa.

Jioni simu ikalia. Mama mmoja.

"Wewe ndiye uliyeacha karatasi?"

"Ndiyo, mama. Samahani sana. Ni upepo, lakini ningeushika."

"Kijana wangu, gari hili lina vibonyeo saba. Nimelizunguka mara mbili. Chako ni kipi?"

Nikamweleza: mlango wa mbele, upande wa dereva, chini kidogo ya kioo, rangi nyeusi. Akanyamaza, nikasikia hatua zake kwenye kokoto.

"Ah, nimekiona. Hiki kidogo. Tuma elfu mbili kwa M-Pesa, tumalize."

Nikatuma. Changu bado sijakirekebisha.