Kiranga

Kiranga ni shujaa wa kale ambaye dini ya jadi ya Burundi ilimfanya mkuu wa mizimu na mwombezi wa watu kwa Imana, Mungu muumba. Rwanda huitwa Ryangombe. Unyamwezini, Tanzania, chama cha Waswezi humjua kama Lyangombe.

Masimulizi yake yaliyoenea zaidi ni ya Rwanda. Ryangombe, mwana wa Babinga, aligombea ukuu wa imandwa, yaani mizimu ya ibada hii, na mpinzani wake Mpumutumucuni, wakakubaliana waamue kwa bao. Ryangombe alipokuwa ameshaelemewa, kijana asiyemfahamu alisimama nyuma yake akamwonyesha mtaji wa ushindi. Kijana huyo alikuwa Binego, mwanawe mwenyewe, na mpinzani alipoghadhibika Binego akamuua palepale.

Kifo cha Ryangombe ndicho kiini cha habari yote. Usiku wa kuamkia mawindo, mama yake aliota ndoto mbaya: mnyama asiye na mkia, kijito kinachotiririka pande mbili, msichana asiye na matiti akiwa na mtoto. Akamsihi mwanawe asitoke, hata akalaza mshipi wake njiani kumzuia. Ryangombe akauruka. Porini alikutana na msichana yule yule wa ndotoni, ambaye aligeuka nyati akamchoma pembe. Alikata roho chini ya umurinzi, mti wenye miiba na maua mekundu, na tangu hapo mti huo ni mtakatifu kwa wafuasi wake.

Nchini Burundi ibada yake huitwa kubandwa. Watu waliomba uzazi, afya na mavuno, na aliyeingizwa katika ibada alihesabiwa kuwa amezaliwa upya. Milango haikufungwa kwa Mhutu, Mtutsi wala Mtwa, mwanamume wala mwanamke, na hilo ni jambo kubwa katika jamii iliyojali sana ngazi za watu. Mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, mke wa Kiranga, alikuwa na nafasi yake katika umuganuro, sikukuu ya mtama ya mwami, yaani mfalme.

Wamisionari wa Afrika, waliofungua misheni ya Mugera karibu na Gitega mwaka 1899, waliipiga vita ibada hii wakiiona ya kishetani. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa kuwa waliobandwa hawakumweka Kiranga mahali pa Imana. Walimwendea kama mwombezi. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kutawala nchi yoyote, lakini ibada yake ni historia halisi ya Burundi, na yafaa ifundishwe hivyo.