Wazee na Vijana wa Usambara

Wengi wetu twasema kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Nao vijana husema kwamba wazee hawataki kuwafahamu. Neno hili si jipya. Na tutazame mambo ya zamani, tupate kujua asili yake.

Zamani za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vuga hata alipokufa mwaka 1862, kijana alikuwa mkononi mwa baba yake. Shamba la migomba lilikuwa la baba, na mbuzi na ng'ombe wa mahari walikuwa wa baba. Asiyetii alikawia kuoa. Basi utii ule haukutoka katika moyo mwema peke yake. Mali nayo iliushika.

Msomaji akisimama juu ya mwamba wa Irente, aona Mazinde chini sana nyikani. Huko alikaa Semboja, mwana wa Kimweri, penye njia ya misafara. Kwa biashara ya pembe na watumwa alipata bunduki, akaipiga Vuga, akamtawaza mwanawe, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Hapo watu waliona ya kuwa nguvu yaweza kupatikana nyikani, pasipo ruhusa ya wazee wa mlimani.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba. Mwaka 1905 reli itokayo Tanga ilifika Mombo. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto, wakaleta kipande: kila mwanamume afanye kazi ya ujira siku 30 katika miezi minne. Vijana wakaenda mashamba ya walowezi, wakarudi na rupia.

Hapo shauri liligeuka. Baba aliona ya kuwa mwana aliyemlea hana haki ya kuficha fedha. Kijana aliona ya kuwa jasho ni lake, na ya kuwa kodi ya nyumba ya baba yatoka katika jasho hilo hilo. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli. Baba alimtaka mwana awe mtu mzima siku ya kodi, na mtoto siku ya baraza. Mwana naye alisahau ya kuwa ujira hukoma, na akiugua hurudi kwenye migomba ya baba.

Wasambaa wana maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Walisema hivi juu ya wafalme, lakini nyumba nayo huponywa au huharibiwa. Basi, ndugu, kabla hatujasema kwamba kijana hasikii, tujiulize tumemtwika mzigo gani, na kama tumempa nafasi ya kusema barazani. Nanyi vijana, mkishika fedha yenu, kumbukeni ni nani aliyeipanda migomba iliyowalisha.