Sukari Iliyoshuka Kuitwa Kifafa: Hoja ya Kupima Wakati wa Tukio

Utambuzi wa kifafa hutegemea masimulizi kuliko mashine. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Anayekumbuka ni mke, mama au mwenzake wa kazini, na daktari huandika anachosimuliwa. Hilo si kosa. Kosa ni kuuliza mtu alianguka vipi bila kuuliza alikula lini.

Chanzo kimoja cha sukari kushuka ni insulinoma, uvimbe wa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ni nadra mno: mtu 1 hadi 4 katika kila milioni kwa mwaka. Mara nyingi hauzidi sentimita 2, wala si saratani, lakini humwaga insulini hata mtu akiwa na njaa. Ubongo ukiishiwa glukosi, mtu huzubaa, hupayuka, hugombana bila sababu, kisha huanguka na kukakamaa. Jasho na moyo kwenda mbio, ambavyo vingemwonya, hufifia kwa mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara. Anayemtazama ataapa kwamba ameona kifafa.

Roscoe Graham alikwisha kuukata uvimbe wa aina hii huko Toronto mwaka 1929, na mgonjwa akapona. Katika miaka ya 1930 Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa New York, aliweka masharti matatu: dalili ziwepo, sukari ikutwe chini wakati huohuo, na dalili ziondoke sukari inapopanda. Sharti la pili ndilo tunalolikosa. Mgonjwa hufika kliniki saa nne asubuhi akiwa ameshakunywa chai na maandazi. Kipimo cha sukari husoma milimoli 5 kwa lita, na daftarini huandikwa "kawaida". Picha ya kichwa nayo huwa safi. Kipimo cha umeme wa ubongo chaweza hata kupotosha, kwani sukari ikishuka mawimbi huvurugika. Baya zaidi, fenitoini, dawa ya kifafa, hupunguza utoaji wa insulini, hivyo nafuu kidogo huenda ikaonekana kuthibitisha kifafa ambacho hakipo.

Yapo mapingamizi, na si mepesi. Mahenge nchini Tanzania, kwa mfano, inajulikana tangu zamani kwa wingi wa kifafa halisi, na mganga mwenye foleni mlangoni hawezi kumshuku kila mgonjwa kuwa na uvimbe. Lakini hakuna anayedai kila mmoja alazwe kwa mfungo wa saa 72. Kinachodaiwa ni tone la damu kwa yule aliyeanza kuanguka ukubwani, anayeanguka alfajiri au alasiri ya Ramadhani, anayenenepa kwa sababu amegundua kwamba kula kunamsaidia, na ambaye dawa zimemshinda. Tone hilo halimtafuti mwenye insulinoma peke yake: kwinini, dawa za kisukari na pombe pia hushusha sukari.

Sukari ikikutwa chini ya milimoli 3 kwa lita, insulini na C-peptidi zipimwe kwenye damu ya saa hiyohiyo. C-peptidi ndiyo itakayoonyesha kama insulini ni ya mwili wenyewe au ya sindano. Kwa hiyo kila chumba cha dharura kiwe na kipima sukari na vijiti vyake karibu na kitanda, si kabatini. Damu ichukuliwe kwanza, ndipo dekstrosi iingie mshipani. Mambo hayo mawili hayahitaji kupishana hata dakika moja.